Neno Nililolimeza Siku ya Kumuuza Kaporali

Vijana wangu, mtu akikuletea mbwa wa kazi na kukuapia kwamba ni mzima, usianze na meno. Kila mlaghai anajua kuwa mnunuzi ataanza na meno, kwa hiyo meno atakuwa ameshayasugua kwa mkaa. Mwache mbwa alale kwanza. Akishapotelea usingizini, mwamshe, uzitazame hatua zake tano za mwanzo. Nyonga mbovu hujificha mbwa akiwa amechangamka, lakini akitoka usingizini haina pa kujificha. Halafu bonyeza ufizi kwa kidole gumba, uachie, uone kama damu inarudi upesi au inajikokota. Ukimaliza, mzunguke. Mzunguke kabisa, pande zote mbili.

Hilo la kuzunguka nililipata kwa aibu. Mimi nilizaliwa Karagwe, Tanzania, wazazi wangu walikokimbilia, na kazi ya mbwa niliianzia huko, kwenye ghala la kahawa, chini ya mzee mmoja aliyeitwa Kamugisha. Siku moja alinituma nikamkague mbwa wa kununua. Nikamkagua vizuri sana, upande wa kulia. Jicho la kushoto lilikuwa limekufa na mimi sikuliona. Mzee Kamugisha hakunipiga. Alinifunga kitambaa kwenye jicho langu la kushoto, akanifanyisha kazi hivyo tangu asubuhi hadi jioni. Niligonga milango, nikamwaga uji, nikakanyaga mbwa wawili. Jioni akanifungua, akasema, "Sasa unamjua yule mbwa."

Basi tuliporudi Rwanda na kukaa Gisenyi, nilikuja na ujuzi huo, na nilikuja nao kwa majivuno. Miaka ile ya mwisho wa tisini watu wengi walikuwa na hofu. Barabara za huku kwetu hazikuwa salama, wezi walikuwa wanatoboa kuta, na kila mwenye ghala alitaka mbwa. Nikawa mtu wa kuitwa. Ukinunua mbwa, unamwita Mwalimu Anastazi amkague. Wawili wakigombana kuhusu mbwa aliyeuzwa mgonjwa, unamwita Mwalimu Anastazi aamue. Nimeamua mengi. Kuna muuza mbao mmoja aliyeuziwa mbwa kijana mwenye mdomo mweusi tii. Mvua ya kwanza ilipompiga yule mbwa, rangi ya viatu ikachuruzika, mdomo ukabaki mweupe kama wa babu. Tulicheka mpaka muuzaji mwenyewe akacheka, akarudisha alichopokea.

Kiswahili changu watu walikicheka pia, wakakiita Kiswahili cha redio, lakini waliniheshimu. Nilidhani mji wote hauna mwingine kama mimi. Halafu akaja Safari.

Safari alitoka Goma, ingawa kwao hasa ni mbali zaidi, Kindu. Alipanga nyumba mtaa wa Majengo na mkewe, akaanza kufundisha mbwa. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kumi hivi, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Sisi tulifundisha kwa kamba, fimbo na njaa. Yeye alifundisha kwa mkono na sambaza, hao dagaa wa ziwa letu. Mfukoni alikuwa na sambaza wakavu wakati wote, na nguo zake zilinuka ipasavyo. Mimi nilimwita "muuza sambaza" na watu wakacheka. Lakini mbwa wake walikuwa wanakaa, wanalala, wanasimama mlangoni, kwa ishara ya kiganja tu, bila neno. Kicheko hicho hakikudumu wiki tatu.

Nitawaambia ukweli kwa sababu nimezeeka. Niliona wivu. Sikuuita hivyo wakati ule, niliuita kulinda kazi. Lakini mtu anayelinda kazi hasimami nyuma ya ua wa jirani kuchungulia mwenzake akifundisha. Hahesabu ni watu wangapi wamemwamkia mwenzake kutoka sokoni hadi msikitini. Mke wangu Donatila alikuwa ananunua sambaza kwa mke wa Safari, na jioni moja alisema tu, bila ubaya, "Mbwa wa yule bwana wana adabu kweli." Nilikataa kula. Nilisema tumbo linauma.

Kilichoniua kabisa ni mbwa wangu mwenyewe. Nilikuwa na dume jina lake Chui, niliyemlea tangu akiwa hajafumbua macho. Siku hiyo napita naye karibu na Grande Barrière, mpakani pale, watu wa biashara wamejaa na mizigo yao, na Safari anakuja upande wa pili. Akaniamkia kwa heshima kama kawaida yake. Aliniita yaya, yaani kaka mkubwa.

"Yaya Anastazi, jambo. Imbwa yako ni muzuri sana."

Akainua kiganja kidogo, labda hata hakukusudia. Chui akakaa. Akakaa chini pale pale barabarani, mkia unafagia vumbi, macho yamemtazama Safari. Nikamvuta kamba. Hakuinuka. Wanawake wenye vikapu wakacheka, mmoja akasema, "Ayi we, mwalimu, mwanafunzi amepata shule ingine!"

Safari alishusha kiganja haraka, akaona haya kwa niaba yangu. Na hilo lilinichoma zaidi ya kicheko.

Sasa njoo kwenye jambo lenyewe.

Mama Vestina alikuwa mjane aliyerudi kutoka Uganda. Alikuwa na ghala la maharage na vitunguu pembeni mwa mji, na ng'ombe wachache Nyakiriba. Kinyarwanda alikijua, Kiganda pia, lakini Kiswahili alikiogopa, maana kule alikokulia kilikuwa lugha ya askari na wezi. Alitaka mbwa wa ghala, na alikuwa amesikia habari za Safari. Alinijia akasema, "Mwalimu, twende wote. Unikagulie mbwa, na uniwekee maneno ya huyo mtu kwenye Kinyarwanda."

Tulimkuta Safari uani kwake na mbwa anayeitwa Kaporali, wa uzao wa kizungu aliyechanganyika, kifua kipana, mrefu kuliko mbwa yeyote wa mjini. Kweli alikuwa mzuri. Mama Vestina alimpenda kabla hajakaa. Walikuwa wameshaelewana kupitia watu kwamba atatoa mtamba mmoja mwenye mimba, mbwa kwa ng'ombe, na mtamba alikuwa tayari amefungwa nje.

Nikaanza kukagua. Nyonga nzuri. Ufizi mzuri. Macho yote mawili, nilizunguka. Kisha nikaangusha funguo nyuma yake kwenye jiwe. Kaporali hakugeuka. Nikaziangusha tena. Hakutikisa hata ncha ya sikio.

Vijana, moyo wangu uliruka kwa furaha. Ndiyo siri yake! Mbwa ni kiziwi, ndiyo maana anatii mkono! Nilijiona nikisimama mbele ya mji mzima, nikisema nilichokigundua. Nilitaka tu kuchagua wakati mzuri.

Lakini Safari akanisogelea, akasema waziwazi, mbele ya Mama Vestina asiyeelewa:

"Umeona, yaya. Bon, ni vile. Hii imbwa iko na nguvu, iko na roho muzuri, lakini haisikiake. Masikio yake ilikufa tangu akiwa mutoto. Umwambie mama asimuache peke yake. Amutafutie kambwa kadogo kenye kupiga kelele, kalale pembeni yake. Kale kakisikia mutu, katamuamusha, na huyu atafanya kazi. Kama mama hataki, hakuna shida, arudi na ng'ombe yake. Umwambie yote."

Alininyang'anya ushindi wangu kwa kusema ukweli. Mama Vestina alikuwa ananitazama, anangoja.

Nikamwambia kwa Kinyarwanda, "Anasema mbwa ni mzuri, ana nguvu."

"Ni hayo tu? Mbona amesema maneno mengi?"

"Watu wa Goma ndivyo walivyo, mama. Maneno mengi."

Akacheka. "Na wewe umemwonaje?"

"Sijaona kasoro."

Safari alikuwa anatabasamu na kuitikia kwa kichwa, akiamini kila kitu kimefika. Kinyarwanda chake kilikuwa cha salamu tu. Alichukua kamba ya mtamba kwa mikono miwili, akainama, akamshukuru mama. Kaporali akaondoka nasi.

Nilivyofikiri ni hivi: mwezi mmoja tu, uziwi utaonekana, mama atakuja juu, na Safari ataitwa mlaghai. Basi. Sikufikiria ukuta. Sikumfikiria mzee Ruben.

Mzee Ruben alikuwa mlinzi wa ghala, mtu wa umri wa baba yangu, mpole, aliyependa kushona magunia akiimba nyimbo za kanisani. Jumapili moja asubuhi watu wote wako misani, yeye yuko mlangoni na sindano yake, Kaporali amelala nyuma ya ghala kwenye jua. Wezi wakaja nyuma. Wakabomoa matofali ya udongo ya ukuta hatua chache kutoka alipolala mbwa, na mbwa akaendelea kulala. Ruben ndiye aliyesikia. Alikwenda kutazama, akapigwa kwa mpini wa jembe, mkono wa kulia ukavunjika mara mbili. Alipoanguka alimwangukia Kaporali. Hapo ndipo mbwa aliamka, na wezi wakakimbia, mmoja akiacha nusu ya suruali mdomoni mwa mbwa. Kazi aliijua. Ni vile tu hakuna aliyemwamsha.

Mama Vestina hakuhitaji mtaalamu tena. Alipiga sufuria nyuma ya kichwa cha mbwa, akaona, akaenda moja kwa moja kwa konseye, kiongozi wa sekta.

Tulikaa kwenye baraza la ofisi yake, mvua inanyesha. Konseye na wazee wawili kwenye benchi. Mama Vestina, na Ruben mkono umefungwa kwa kitenge. Safari na Kaporali miguuni pake. Na jambo limezidi kuwa gumu, kwa sababu mtamba alikuwa ameshazaa ndama jike huko kwa Safari. Mama alitaka wote wawili.

Konseye alikijua Kiswahili. Akamwuliza Safari, "We ulijua imbwa ni kiziwi?"

"Nilijua."

"Na hukusema?"

"Nilisema, konseye. Nilisema yote. Nilimuambia yaya Anastazi atafsiri, na yaya iko hapa."

Wote wakanigeukia. Ruben pia. Nilikuwa na nafasi ya kusema, na nilikuwa na sababu, nilikuwa nimeuona ule mkono. Lakini niliona pia nyuso za watu, nikaona jina langu linavyodondoka kwenye tope. Na chini ya hofu hiyo, sitawaficha, ule wivu ulikuwa bado uko, unaniambia: amekwisha huyu, mwache aishe.

"Sikumbuki neno kama hilo," nikasema.

Safari aliweka kiganja juu ya kichwa cha Kaporali. Hakupiga kelele. Akasema taratibu, "Bon. Kama yaya hakumbuki, basi nilisema na mupepo."

Konseye akaamua ng'ombe na ndama warudi kwa Mama Vestina, na mbwa arudi kwa mwenyewe. Watu walitoka wakimzomea Safari. Hasidi hana sababu, wahenga walisema, lakini mimi nilijitafutia sababu njia nzima hadi nyumbani. Nikala vizuri usiku huo. Nikala vizuri siku mbili.

Wateja wake wakaanza kuja kwangu. Na mnajua walichosema? "Mwalimu, nifundishie mbwa wangu kwa mkono, kama alivyokuwa anafanya yule." Kila mmoja. Nilinunua sambaza, nikajaza mfukoni. Mbwa walikula sambaza na hawakukaa.

Mama Vestina alinitaka nimpe mbwa mwingine wa ghala, nikampeleka Chui. Nilimkuta Ruben ameketi pale pale, hawezi kushona, anakunywa uji kwa mkono wa kushoto. Kando yake kulikuwa na bakuli lenye mfuniko.

"Nani amekuletea?" nikauliza.

"Safari. Anakuja kila siku. Mkewe anapika, yeye analeta."

Nilishindwa kujizuia. "Anakuja kufanya nini? Si yeye aliyemletea mama mbwa mbovu?"

"Nami nilimwuliza hivyo," Ruben akasema. "Akaniambia kosa ni lake. Akasema: 'Mi nilisema na mudomo, lakini niliona mama hajui luga. Nilipashwa kumuonesha na mikono yangu, nipige makofi nyuma ya imbwa mbele yake, aone. Niliamini mutu, sikuhakikisha. Donc na mi niko na deni kwa huu mukono wako.'"

Nilikaa chini. Hata katika kosa nililolifanya mimi, yule mtu alikuwa amejichukulia fungu lake, tena fungu zuri. Niliona wivu, vijana. Nasema kweli. Niliuonea wivu hata utu wake. Na hapo ndipo nilipojichukia, kwa sababu niligundua hakuna mahali huu wivu utakapotosheka. Nilimchukulia jina, wateja, ng'ombe, na bado nilikuwa namtazama kutoka chini.

Nikamwambia Ruben yote. Funguo kwenye jiwe, kambwa kadogo, "ni hayo tu," na baraza. Alipomaliza uji, akaweka kikombe.

"Yewe, Anastazi," akasema. "Ule mpini ulinipiga mara mbili. Kumbe ulikuwa mrefu hivi, hadi mkononi mwako?" Kisha akasema, "Nisaidie kusimama. Twende kwa konseye."

Barazani kwa konseye, mbele ya wote, nilisema mara mbili, kwa Kinyarwanda kwanza ili Mama Vestina asikie mwenyewe, kisha kwa Kiswahili. Mama Vestina hakunitukana. Angenitukana ningefurahi.

"Nilikuchukua uwe masikio yangu," alisema. "Mbwa hasikii kwa sababu Mungu alimuumba hivyo. Wewe je?"



Konseye alitaka kunifikisha mbali zaidi, polisi labda. Ruben akaomba mambo yaishie pale. Wakabishana sana kuhusu ndama. Mama alisema mtamba arudi kwa Safari, maana mauzo yalikuwa halali upande wake, na yeye anamtaka Kaporali tena. Lakini ndama alizaliwa wakati wa ugomvi, ni wa nani? Mzee mmoja akasema ndama hufuata mama yake. Mwingine akasema ndama alishalala mazizi mawili. Hatimaye Safari akainua mkono.

"Kama mama anakubali, mi nakubali. Ndama apewe muzee Ruben. Mukono wake ndiyo ililipa."

Mama Vestina alinitazama nimtafsirie. Kisha akakumbuka, akageuza uso kwa konseye, na konseye ndiye aliyemtafsiria. Akakubali.

Mimi nilipewa kulinda ghala badala ya Ruben hadi mkono upone, bila malipo, na kwa miezi hiyo nisikague mbwa wa mtu. Nililinda. Kaporali alirudi, Chui akarudi kwangu, na Safari akaleta kijibwa cha kienyeji, kifupi, chenye makelele ya kuudhi, kinacholala kimejibana ubavuni mwa yule mkubwa. Jani likianguka, kijibwa kinaruka, na Kaporali anasimama. Hakuna mwizi aliyerudi. Safari alikuwa anakuja kuwaangalia, ananiamkia, ananiita yaya kama zamani, lakini hakukaa tena kuongea nami. Siku moja nilimwomba anifundishe ile kazi ya mkono.

"Nilikusamehe, yaya," akasema. "Lakini kukufundisha, hapana. Bado." Akaenda zake.

Mkono wa Ruben ulipona umepinda. Siku aliyorudi kazini alijaribu kufungua komeo kwa mkono wa kulia, haukufika, akafungua kwa wa kushoto, akaniambia niende nyumbani.

Nilirudi kwenye kazi yangu polepole, kwa watu wachache ambao hawakuwa wamesikia au walikuwa wamesikia na hawakupata mwingine. Na jambo la mwisho ninalotaka mlijue lilitokea wiki ya kwanza tu. Mwanajeshi mmoja mwenye cheo, aliyekulia Uganda, mgeni mjini, alisimamisha gari mbele ya nyumba yangu. Nyuma alikuwa na mbwa watatu wachanga wazuri ajabu, wa namna ambayo mfundishaji huiona mara moja maishani.

"Wewe ndiye Anastazi? Nimeambiwa unajua mbwa. Nataka mtu aliye bora kuliko wote Gisenyi."

Nilishika mlango wa gari. Niliwatazama wale watoto wa mbwa, masikio yamesimama, macho yananing'ang'ania. Donatila alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu.

"Teremka hadi Majengo," nikasema. "Pita msikiti. Uliza nyumba ya Safari."

Aliwasha gari. Nilibaki pale barabarani nikiwaangalia mpaka walipokata kona, na iliniuma, vijana, iliniuma kama jino.